Nani Kang'oa Zdravets ya Velika

Benchi letu liko mbele ya duka la kijiji cha Gorno Ralevo. Duka lenyewe lilifungwa siku mwenye nalo alipowafuata watoto wake mjini, na kilichobaki hai pale ni mashine ya kahawa. Nani anailipia umeme hatujui, na hatuulizi, asije akakumbuka kuikata. Unatumbukiza sarafu, mashine inakoroma, inakutemea kahawa kwenye kikombe cha plastiki, unakaa. Siku nyingine sisi ni watu wa kelele. Lakini Alhamisi ile, mwishoni mwa Mei, kila mtu alikuwa anaangalia kikombe chake. Jumapili ilikuwa harusi, na asubuhi hiyo Velika, mama wa bibi harusi, alifungua dirisha akakuta chini yake, pale palipokuwa na zdravets, pana shimo. Kilio chake tulikisikia mpaka hapa. Na mama wa bwana harusi alikuwa amekaa nasi benchi hilohilo, anapuliza kahawa ambayo ilishapoa.

Zdravets kwetu si ua la kupamba meza. Jina lenyewe linatokana na afya. Theluji haiiogopi, maji haiombi, inatambaa kwa mizizi minene juu ya udongo mbaya ambao hata magugu yanaukataa, na mwezi wa Mei inatoa vijiua vya rangi ya waridi. Ukipitisha mkono kwenye majani yake harufu inakaa vidoleni mpaka jioni. Bibi harusi hatoki kwao bila kishada cha zdravets, na ile ndoo ya maji ambayo kwa desturi yetu anaipiga teke mlangoni akiondoka, lazima iwe na zdravets ya kwao, si ya kununua sokoni. Sasa ya Velika haikuwepo, wala jani.

Aliyeanza ni Profesa. Jina lake Metodi, alikuwa bawabu wa chuo cha kilimo, kazi yake kufungua geti na kufunga, lakini tangu astaafu ameamua kwamba elimu yote iliyopita pale getini ilimwingia yeye.

— Hiyo kazi ya viwanda, alisema. Wale wa mafuta ya kujipaka. Wanatafuta mizizi ya zdravets kwa udi na uvumba.

— Viwanda gani, Profesa? Huku hata mkate tunaletewa na gari, tena likitaka.

Huyo ni mimi, Zlatka. Nilikuwa nesi wa kijiji hiki, na wananiita Sindano. Wanasema ni kwa sababu ya kazi. Najua ni kwa sababu ya mdomo.

— Fuko, alisema Hali ya Hewa.

Huyo ni Kalcho. Kila asubuhi anatutabiria jua, na kila jioni tunarudi tumelowa.

— Fuko gani?

— Fuko wa mwaka huu. Wakubwa mno. Baridi ya Februari imewanenepesha.

— Kalcho, harufu ile hata konokono anaizunguka. Fuko ataila vipi?

— Nimesema kaila? Kabeba.

— Kabeba anapeleka wapi? Harusini?

Siku nyingine tungecheka. Profesa alijaribu, akamwangalia Tsona, huyo mama wa bwana harusi, akameza kicheko chake pamoja na kahawa. Tsona tunamwita Jenerali, na hana haja ya kuelezwa zaidi. Alikuwa amekaa katikati ya benchi, mgongo umenyooka, mkoba juu ya magoti. Pembeni yake mumewe, Rusko, dereva wa trekta, ambaye tunamwita Kimya. Rusko anaweza kukaa nawe kutwa nzima, akiondoka ndipo unakumbuka kwamba alikuwepo.

— Mimi nasema tuache kujadili mambo ya watu, alisema Tsona. Velika kaiua mwenyewe. Nilimwambia mwezi wa tatu, mkwe, kata majani makavu tu, mzizi usiuguse. Yeye akaimwagia samadi ya kondoo. Zdravets ukiilisha inaoza. Hiyo inataka uisahau.

— Hapo nakuunga mkono, alisema Profesa. Mimea ya namna hii ukiidekeza inakufa. Unaigawa vuli, unaichomeka kwenye kivuli, basi, unaenda zako.

— Vuli? alidakia Kalcho. Nani kakudanganya? Inagawanywa masika, kabla haijaamka.

— Masika unagawanya zile za maua ya vuli, wewe! Uliza chuoni!

— Nani yuko chuoni sasa? Bawabu mpya?

— Hebu tulieni, niliwaambia. Tsona, nisaidie. Mmea ukioza, unaacha shimo?

— Sindano, usinichome.

— Nauliza tu.

— Hata mimi najibu tu. Usinichome.

Alisema kwa upole, na Tsona akisema kwa upole unajua moto umeshawaka. Mashine ya kahawa ilikoroma peke yake kama inavyofanya ikipenda, wote tukashtuka.

Nikaona afadhali niseme kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa anakikwepa.

— Tuseme ukweli. Nani hapa hajamwibia Velika?

Kalcho alikuna shingo. Profesa akageuza uso kuangalia mlima.

Sasa hapo mnisikilize vizuri, msije mkatuona wezi. Huku kwetu ua la bustani haliombwi. Ukiomba ukapewa, ukasema asante, umeliua, peleka tu kwa kuku. Linaloshika ni lile uliloliiba, tena uliibe mwenye bustani akiwa ndani, anakuona kupitia pazia na anajifanya hakuoni. Velika ana bustani ambayo haifi. Miti ya matunda ilikauka, mume alikufa, nyuki walihama, lakini vile vimea vyake vya maua vinachomoza kila mwaka palepale kwenye mawe. Kila bustani ya kijiji hiki imetoka kwake. Ukiingia kuiba, anakohoa mara moja ndani ili ujue kwamba amekuona, halafu anawasha redio.

— Mimi seji, alikiri Kalcho. Ile yenye maua ya zambarau. Lakini tawi moja tu.

— Mimi lile la manjano la kikohozi, alisema Profesa. Na lavenda. Na mnanaa. Na ile bozhur nyekundu, yenye maua makubwa kama ngumi, lakini ile ilikuwa imeegemea uzioni, karibu inifuate yenyewe.

— Mimi ya kwangu yote, nilisema. Sina nilichonunua.

— Unaona? Sote, alisema Profesa. Lakini tawi! Tawi na kamzizi kake! Hakuna Mralevo anayefukua tuta zima. Huyu si mtu wa hapa.

— Basi nani?

— Nimefikiria tangu asubuhi. Ni ndege zile ndogo zisizo na rubani.

— Profesa.

— Usicheke! Wizara inapima bustani zetu kutoka juu. Wakiona mmea una sifa, usiku wanashuka.

— Wanashuka na jembe?

— Wana vyombo vyao.

— Mimi naona ni mwanaume, alisema Kalcho, na akashusha sauti. Bibi harusi wetu Ralitsa amekaa Ujerumani miaka. Msichana mzuri vile, hakuwa na mtu huko? Jamaa kasikia harusi. Kapanda basi, kashuka hapa, kang'oa zdravets ili ndoa isishike. Mjerumani akipenda si mchezo.

— Mjerumani anaijulia wapi zdravets?

— Kamwambia yeye mwenyewe! Walipokuwa wanapendana!

— Kalcho! Tsona aligonga mkoba wake. Huyo unayemsema ni mke wa mwanangu.

— Bado siku tatu, alisema Kalcho, na papo hapo nikaona anatamani ulimi wake ungekatika.

Profesa aliona lazima aokoe jahazi, na Profesa akiokoa kitu ujue kinazama.

— Labda si mtu kabisa. Zdravets ile nani aliipanda? Mama mkwe wa Velika, marehemu. Siku anakufa walikuwa hawasemezani. Sasa mjukuu anaolewa, bibi kaja kuchukua chake.

Kalcho akapiga ishara ya msalaba. Hata mimi mkono wangu ulianza kupanda kabla sijaukamata.

— Upuuzi, alisema Tsona. Maiti haji na sepetu.

Nilimgeukia polepole.

— Nani kataja sepetu?

— Wewe umesema jembe.

— Nimesema jembe. Wewe umesema sepetu.

— Jembe, sepetu, tofauti yake nini?

— Tofauti ni kwamba mimi shimo nimeliona. Nimekwenda kwa Velika asubuhi kumpa dawa ya presha. Kingo zake zimekatwa wima, zimenyooka. Jembe halikati hivyo. Lakini hilo sikumwambia mtu yeyote hapa.

Rangi ilimpanda Tsona kutoka shingoni. Pembeni yake Rusko aliweka kikombe chini, katikati ya viatu vyake, kwa uangalifu mkubwa, halafu akaviangalia viatu. Nilitaka kuendelea, nakiri nilikuwa nimepata ladha, lakini Kalcho alinigusa kiwiko. Velika alikuwa anakuja.

Alikuja na aproni yake, magoti yana udongo, mkononi ameshika jembe dogo la palizi. Sidhani kama alijua amelishika. Hakukaa. Alisimama mbele ya benchi, akampitia kila mmoja wetu kwa macho, akafika kwa Tsona.

— Bi Tsona, alisema.

Tangu uchumba ulipofungwa wale wanawake wamekuwa wakiitana mkwe asubuhi na jioni, mkwe hiki, mkwe kile, mpaka tunachoka kusikia. Kwa hiyo lile Bi Tsona kila mtu alilisikia.

— Mkwe, kaa unywe kahawa, alisema Tsona.

— Sitaki kahawa. Iko wapi?

— Nini?

— Usinifanye mtoto. Kwenye geti lako kuna majani yamedondoka. Nimeyafuata kutoka kwangu. Iko wapi?

— Majani ya zdravets yako kila mahali kijijini.

— Mabichi? Na mizizi yake?

Velika alisogea hatua moja, na Profesa akavuta miguu yake ndani ya benchi.

— Nakujua, Tsona. Nimekuelewa kabla sijafika kwenye geti. Umepaka rangi ghorofa ya juu. Umenunua mapazia. Umesema kwa watu, nimeletewa maneno, kwamba watoto wakishaoana Ujerumani basi, watakaa kwako. Ukaona haitoshi. Ukaona uchukue zdravets ya kwetu, uipande mlangoni pako kwa wizi, ili binti yangu ashike mizizi kwako na kwangu asikumbuke hata njia.

— Na wewe? Tsona alisimama sasa. Mkoba ulianguka, hakuuokota. Wewe huko chumbani umetia kitanda kipya cha nini? Cha paka? Na wewe unataka wakae kwako! Tofauti ni kwamba mimi nimesema wazi!

— Mimi nina mtoto mmoja!

— Na mimi nina wangapi?

Nimewachoma watu wa kijiji hiki sindano kwa miaka mingi na nimeona watu wanavyobadilika kabla ya kuzirai. Velika midomo ilikuwa imepoteza rangi. Nilisimama nimshike, akanisukuma mkono.

— Ni mimi, alisema mtu.

Tuliangaliana. Ilituchukua muda kujua sauti ile ni ya nani, maana hatuisikii mara kwa mara.

— Ni mimi, alirudia Rusko. Sepetu ni yangu.

— Wewe kaa kimya! alisema Tsona.

— Nimekaa. Ameniambia jana, Rusko, niletee zdravets ya Velika na mizizi yake. Nikaenda nikaleta.

— Nilisema tawi! Tawi na mzizi wake! Mtu yeyote anajua ni tawi!

— Hukusema tawi. Ulisema zdravets ya Velika. Nikaleta zdravets ya Velika.

— Yote? nilimuuliza.

— Nilidhani kubakiza ni uvivu.

Rusko maisha yake yote amelima mashamba, ukimwonyesha shamba anamaliza mpaka ukingoni, haachi kipande. Ndivyo alivyoifanyia bustani ya mjane.

— Na nilipomaliza, aliendelea, maana alikuwa ameshafunguka na hakujua pa kuzimia, nikasema asante.

Kalcho alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

— Ulisema nini? aliuliza Tsona.

— Asante.

— Kwa nani?

— Velika alikohoa kule ndani. Nikajua kaniona. Mtu kakuona, unachukua kitu chake, unaondokaje hivihivi bila asante?

Tsona alikaa chini, akajishika kichwa.

— Umesema asante, alisema. Rusko, miaka yote hii ninakaa na wewe. Umeiba zdravets ukasema asante.

— Sasa hapo kisheria, alianza Profesa, akikohoa, mtu akishukuru si wizi tena. Ni zawadi. Ila aliyeitoa hakuitoa, kwa hiyo ni zawadi isiyo na mtoaji, na mmea wa namna hiyo chuoni tulikuwa tunauita...

— Metodi, nyamaza.

Velika alikuwa anamwangalia Rusko.

— Nilikohoa, alisema. Kweli nilikohoa. Nilijua ni wewe, nilikuona mabega. Nikasema moyoni, sawa, Tsona anataka tawi, mwache achukue, na mimi ningefanya hivyohivyo. Nikawasha redio. Nilikuwa nakupa, Rusko. Nimeamka asubuhi nakuta umeninyang'anya.

— Nitairudisha.

— Iko wapi?

— Kwenye gunia. Bandani.

— Tangu jana? Kwenye joto hili?

Hata hawakuipanda. Jenerali alipoona gunia zima jana jioni aliingiwa na hofu, hakuthubutu kuirudisha wala kuipanda, akaiacha bandani akaja asubuhi kunywa kahawa na sisi, mgongo umenyooka.

— Basi, alisema Velika. Harusi hakuna.

— Velika! nilisema.

— Hakuna. Mimi simtoi binti yangu kwenda kwa watu ambao wanachukua mpaka udongo.

— Usiseme neno hilo, alisema Tsona. Alikuwa amebadilika, hakukuwa na jenerali tena pale, kulikuwa na mwanamke aliyeogopa. Mkwe. Nisamehe. Ndugu wako njiani. Padri ameshasema ndiyo. Nitakupa ya kwangu, nitakupigia magoti hapa hapa, ila neno hilo usiliseme.

— Nimeshalisema.

Kalcho, masikini, aliangalia mbingu akasema huenda Jumapili ikawa na jua, na hilo lilitutia hofu zaidi. Nilikuwa nahesabu namna ya kumpokonya Velika lile jembe la palizi bila kumshtua wakati gari la kukodi liliposimama pembeni ya duka. Ndani yupo Yavor, mwana wa Tsona, kwenye usukani, simu sikioni. Ralitsa akashuka.

Ralitsa ni yule yule niliyemchanja akiwa kwenye nepi, lakini ukimwona sasa amekonda, na anatembea haraka kama watu wa huko. Huko Stuttgart anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anaogesha mama za watu. Walikuwa wanakwenda mjini kuchukua gauni.

— Mama, kuna nini? Mbona mmesimama hivyo?

Wote walisema kwa pamoja. Velika akasema wizi, Tsona akasema bahati mbaya, Profesa akasema zawadi, Rusko akasema gunia. Yeye alisikiliza, macho yanakwenda kwa mama yake, yanakwenda kwa mama mkwe. Hakukasirika. Ningeona afadhali angekasirika.

— Jumapili naolewa, alisema. Yawepo majani, yasiwepo. Hilo tulimalize.

— Mwanangu, wewe huelewi...

— Naelewa, mama. Yeye anataka ipandwe kwake. Wewe unataka irudi kwako. Kila mmoja ametandika kitanda. Lakini hakuna aliyeniuliza. Na mimi je? Mimi nitaipanda wapi?

— Wewe? alisema Tsona.

— Mimi. Ndoa si yangu? Zdravets ya ndoa yangu niipande wapi? Tunakaa ghorofa ya nne. Hatuna baraza. Dirisha linafunguka kiasi cha kupitisha mkono, basi. Chini ni lami mpaka stesheni. Ninyi ni wakulima, mnajua kila kitu, niambieni. Niipande wapi?

Profesa alifungua mdomo. Nilimwona kabisa anaufungua, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la mmea hata siku moja, vuli au masika, kivuli au jua. Akaufunga. Kalcho aliangalia barabara. Tsona aliokota mkoba wake, akaukumbatia. Mimi nilifikiria kopo, nikafikiria chungu, nikafikiria ile ghorofa ya juu na yale mapazia mapya ambayo hakuna mtu atakayeyafungua, na nikaona nikisema lolote nitalia, na mimi silii benchini.

Velika ndiye aliyejibu. Jembe alikuwa ameliacha lianguke.

— Basi usirudi huko, alisema. Ipande hapa. Kwangu, kwa Tsona, popote, sigombani tena. Apande kwake huyo, sawa, nitakuwa napita naiona. Ila usirudi, Ralitsa. Nyumba imenishinda. Naongea na redio. Baki.

Hajawahi kusema hivyo. Miaka yote binti anaondoka, Velika anamsindikiza mpaka kituo cha basi, anapunga mkono, anarudi anapalilia. Tulidhani ni mwanamke mgumu. Ralitsa alimshika mama yake uso kwa mikono miwili, akamwangalia. Akatikisa kichwa. Kikapanda juu, kikashuka chini, mara mbili, taratibu.

Yavor alipiga honi. Duka la magauni linafunga mapema. Ralitsa alimbusu mama yake shavuni, akakimbilia gari, wakaenda, na vumbi likabaki linaelea pale barabarani.

Velika alibaki amesimama. Sasa jamani, huku kwetu mtu akikubali anatikisa kichwa kushoto na kulia, na akikataa ndipo anakipandisha na kukishusha. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Lakini huko Ujerumani, kama ilivyo kwa karibu watu wengine wote duniani, ni kinyume chake, na Ralitsa amekaa huko miaka mingi, kutwa anawatikisia kichwa wale wazee wake. Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba siku hizi kichwa chake kinamchanganya, akirudi huku, akienda dukani mjini anapewa asichokitaka.

Velika alitugeukia sisi wa benchini. Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto, unangoja.

— Amesema nini? aliuliza.

Rusko alivua kofia. Tsona alimsogezea nafasi kwenye benchi, lakini Velika hakuiona.

— Ninyi si mmeona? Zlatka, wewe ulikuwa karibu. Amesema nini?